Maswali ya Wasomaji: Kioo Kwanza, Kadi Baadaye

Barua nyingi zilizoifikia safu hii tangu mwezi uliopita zimehusu jambo moja. Wapo vijana, na si vijana peke yao, wanaotaka kucheza michezo ya kompyuta kwa picha kali kuliko ile waliyoizoea, na ambao wameshapewa ushauri kumi na mafundi kumi wa Arusha na Moshi. Nimechagua barua tano. Humu kioo ni skrini ya kompyuta, na kadi ni kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za mchezo. Zile za runinga na simu zitasubiri toleo lijalo.

*Ndugu mwandishi, nimejichanga mwaka mzima ili ninunue kompyuta ya michezo. Muuzaji mmoja hapa mjini ananishauri nichukue kioo cha 4K cha inchi 27 pamoja na kadi ya GeForce RTX 4060, kwa hoja kwamba kadi hiyo si ya zamani na kioo hicho sitakibadilisha kwa miaka mingi. Muuzaji wa pili ananiambia nitajuta. Nimsikilize nani?*
Baba wa watoto wawili, Njiro, Arusha

Ndugu yangu, msikilize huyo wa pili, ingawa wa kwanza naye hakusema uongo; anataka kukuuzia vitu viwili vizuri ambavyo havioani. Hesabu yake ni nyepesi, na kila mnunuzi angeifanya kabla ya kutoa fedha mfukoni. Kioo cha kawaida tulichokizoea kina pikseli, yaani nukta za picha, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na ukizizidisha unapata 2,073,600. Kioo cha 2,560 kwa 1,440, ambacho wauzaji wengi hukiita 2K, kina pikseli 3,686,400. Cha 4K, yaani 3,840 kwa 2,160, kina pikseli 8,294,400, mara nne kamili ya kile cha kwanza. Kadi inapaswa kuikokotolea kila pikseli rangi, kivuli na mwanga upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kazi hiyo yote ina milisekunde 16.7 tu za kumalizika. Kadi inayotoa fremu 80 kwenye kioo cha kawaida haitashuka hadi 20 barabara ukiihamishia kwenye 4K, kwa kuwa si kila kazi yake inakua sawasawa na idadi ya pikseli, lakini itashuka kiasi cha kukuondolea hamu ya kucheza.

RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, ina kumbukumbu ya GB 8 na njia ya biti 128 ya kupitishia data. Ni kadi nzuri kwa kioo cha kawaida, tena inakula wati 115 tu, jambo ambalo kwa mtu anayenunua umeme kwa LUKU si dogo. Tatizo lake katika 4K ni hiyo kumbukumbu. Michezo mikubwa ya miaka hii hupakia picha za kuta, nguo, majani na nyuso ndani ya kumbukumbu ya kadi, na kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi hulazimika kuazima nafasi katika RAM ya kompyuta, ambayo kwake ni ya mbali na ya polepole. Hapo mchezo huanza kukwamakwama hata pale ambapo wastani wa fremu unaosomeka pembeni unapendeza. Kwa kioo cha 1,440 ningependa uanzie GB 12. Kwa 4K nisingeshuka chini ya GB 16.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kioo cha inchi 27 chenye pikseli 2,560 kwa 1,440 na kasi ya hezi 144 au zaidi, yaani picha 144 kwa sekunde, kisha utafute kadi ya kukitosheleza. RX 7800 XT ya kampuni ya AMD, ya mwaka 2023, ina GB 16 na hutumia wati 263. RTX 4070 ya Nvidia, ya mwaka huohuo, ina GB 12 na hutumia wati 200. Katika zilizotoka mwaka 2025, RX 9070 ina GB 16 kwa wati 220 na RTX 5070 ina GB 12 kwa wati 250. Mimi ningechukua yoyote kati ya hizo nne itakayopatikana kwa bei ya chini ikiwa na dhamana na risiti ya EFD, kuliko kulalia jina moja na kulipishwa kwa ajili ya jina hilo. RX 7800 XT ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 499, wakati RTX 4090, ambayo kwa 4K ndiyo iliyokuwa jibu lisilo na mjadala wakati wake, ilianza na dola 1,599. Hizo ni bei za huko, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji wa hapa.

Pengine utauliza kama hutakosa uzuri wa 4K. Pima umbali kati ya macho yako na kioo. Kioo cha inchi 27 chenye 1,440 kina pikseli 109 kwa kila inchi, na cha 4K kina 163. Ukiwa umekaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, tofauti hiyo utaiona katika maandishi, hasa kama mchana unakitumia kwa kazi za ofisi au kuhariri picha, lakini katika mchezo unaokwenda mbio utaisahau baada ya dakika kumi. Usichoweza kukisahau ni kasi. Kwenye hezi 144 picha mpya huja kila baada ya milisekunde 6.9, na mkono wako huhisi hivyo kabla jicho halijasema lolote. Hakikisha pia kwamba kioo kinaweza kubadili kasi yake kuifuata kadi, sifa inayouzwa kwa majina ya FreeSync, la AMD, na G-Sync, la Nvidia, kwa maana ndiyo inayozuia picha kukatika katikati fremu zinapopanda na kushuka. Tangu Januari 2019 kadi za Nvidia nazo hukubali vioo vingi vya FreeSync, kwa hiyo huna sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya stika tu.

Nimtendee haki muuzaji wako wa kwanza. Huenda alikuwa anawazia DLSS, programu ya kadi za RTX inayochora picha ndogo kisha ikaikuza. Katika 4K, ukichagua daraja la ubora, kadi huchora 2,560 kwa 1,440 na kukuza kutoka hapo. FSR ya AMD, iliyoanza mwaka 2021, hufanya kazi ya namna hiyo, na matoleo yake ya mwanzo hukubali hata kadi za kampuni nyingine. Zote mbili ni nzuri na ninazitumia. Hata hivyo, kununua kadi dhaifu kwa kuzitegemea hizo ni sawa na kununua gari bovu kwa sababu barabara ya kwenu inateremka. Zaidi ya hayo, hazikuondolei kwa kiasi kikubwa njaa ya kumbukumbu niliyoieleza.

*Shikamoo. Ninasoma chuo hapa Moshi. Nina kadi ya GTX 1070 yenye GB 8, na rafiki yangu ananiuzia ya kwake ya aina hiyohiyo. Nimesikia kadi mbili zinaweza kuunganishwa kwa SLI, nami nikapiga hesabu kwamba nitakuwa na GB 16 na nguvu maradufu, nikaweza kutumia kioo cha 4K. Je, nimekosea?*
Mwanafunzi, Rau, Moshi

Marahaba, mwanangu. Kosa lako ni la heshima, kwa sababu watu wazima wengi walilifanya kwa fedha nyingi kuliko zako.

Anza na kumbukumbu. Katika SLI kadi hupokezana: ya kwanza huchora fremu moja, ya pili huchora inayofuata. Kwa kuwa kila moja inachora mandhari yote, kila moja lazima iwe na nakala yake kamili ya picha zote za mchezo. GB 8 na GB 8 zinabaki kuwa GB 8 zilizonakiliwa mara mbili. Na nguvu nayo haikuwahi kuwa maradufu ila kwa michezo michache iliyotengenezewa mpango huo kwa makini. Mingine ilipata ongezeko dogo, mingine haikupata kitu, na iliyopata mara nyingi ilikuwa na kasoro ya fremu kutofika kwa mwendo uliosawazika, hata namba ikasema 70 huku jicho likiona 40.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya 3dfx ililileta mwaka 1998 kwa kadi zake za Voodoo2, wakati huo kadi mbili zikigawana mistari ya picha, na Nvidia ikafufua herufi zilezile mwaka 2004 kwa maana nyingine. Lilikuwa na maana pale ambapo kadi moja, hata iliyo ghali kuliko zote, haikutosha kuendesha kioo kikubwa. Baadaye watengenezaji wa michezo walipohamia DirectX 12 na Vulkan, mifumo mipya ya kuiamuru kadi, kazi ya kugawanya mchezo kati ya kadi mbili ikawa juu yao wenyewe, na wengi hawakuona sababu ya kuhangaika kwa ajili ya wateja wachache. Nvidia iliacha kuongeza mipango mipya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na za kabla yake kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Katika familia ya RTX 30 ni RTX 3090 na 3090 Ti tu zilizokuwa na sehemu ya kuunganishia, na katika RTX 40 hakuna hata moja.

Sasa tazama gharama ambazo rafiki yako hakukutajia. GTX 1070 moja hutumia wati 150, kwa hiyo mbili ni 300 kabla hujahesabu prosesa. Utahitaji pawa saplai kubwa, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayokubali SLI, na daraja la kuziunganisha, ambalo leo kulipata ni kazi kuliko kupata kadi yenyewe. Kadi ya juu hupumua joto la kadi ya chini, na Moshi ya Januari na Februari unaijua kuliko mimi. Kisha kuna umri: GTX 1070 ni ya mwaka 2016, na kuanzia Oktoba 2025 Nvidia imeacha kuitolea familia hiyo draiva mpya za michezo, yaani programu za kuiendesha kadi, ikibakiza masahihisho ya usalama tu.

Mrudishie rafiki yako kadi yake kwa shukrani. Kisha uza na ya kwako ungali unaweza kuiuza, ongeza kile ulichotaka kumpa, utafute kadi moja iliyotumika yenye GB 12, kama RTX 3060 au RX 6700 XT. Hizo mbili hazilingani: RX 6700 XT ina nguvu zaidi kwa kioo cha 1,440, lakini hutumia wati 230 dhidi ya 170 za mwenzake. Hiyo 4K iache kwa sasa.

*Ndugu mwandishi, habari za kazi. Mwanangu amejiwekea kompyuta ya michezo sebuleni. Kila akianza mchezo mzito, UPS inapiga kelele na kuzima kila kitu, ila akiandika kazi zake za shule haina tatizo. Fundi anasema kadi ni mbovu. Na LUKU sasa inakwisha kabla ya wakati. Naomba msaada.*
Mama wa Sakina, Arusha

Mama, kabla hujamlipa fundi, soma maandishi yaliyo nyuma ya UPS, hicho kifaa chenye betri ya akiba. Bila shaka utakuta namba kubwa yenye herufi VA, na mahali fulani, kwa maandishi madogo, namba ya wati. Hizo hazifanani. UPS nyingi za nyumbani zinazouzwa kama 650 VA hubeba wati 360 hadi 400 hivi. Kompyuta inapofungua barua na kurasa huenda inatumia wati 80. Mchezo ukianza, kadi ya wati 250, prosesa ya wati 100, kioo na vilivyobaki hufikisha wati 430 au 450, tena kadi za siku hizi huruka juu ya kiwango chake kwa nukta ya muda isiyoonekana. UPS ikilemewa hujizima ili isiungue. Kadi ya mwanao inaelekea ni nzima kabisa, na namna rahisi ya kuthibitisha ni kuichomeka kompyuta ukutani kwa saa moja siku ambayo umeme umetulia, kisha acheze. Isipozima, umeokoa fedha za fundi.

Dawa ni UPS inayoandikwa wati 600 au zaidi, ya aina inayorekebisha volti yenyewe, kwa maana shida ya mitaa yetu ni volti kushuka jioni pia, wala si kukatika kwa umeme peke yake. Kama fedha haitoshi, stabilaiza nzuri kwa kompyuta nzima, na ile UPS ndogo ibakie ya ruta ya intaneti. Mwanao atapoteza mchezo wake umeme ukikatika, lakini vifaa vitasalimika. Kuna njia nyingine isiyogharimu kitu: katika mipangilio ya kadi anaweza kupunguza kikomo cha wati, na kadi nyingi ukizipunguzia asilimia 15 au 20 ya umeme hupoteza fremu chache tu. Aweke pia kikomo cha fremu kilingane na kioo. Kuchora fremu 140 kwa kioo cha hezi 60 ni kuchoma uniti bure.

Kuhusu LUKU, hesabu ni hii. Wati 450 kwa saa nne ni uniti 1.8, na kwa siku 30 ni uniti 54. Kama nyumba yako iko katika daraja la matumizi madogo, lile la TANESCO lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, mchezo peke yake unakula zaidi ya theluthi mbili za kiwango hicho, na nyumba ikizoea kuvuka hapo itahamishiwa daraja la juu, ambako kila uniti, hata ile ya kuchemshia chai, inakuwa ghali. Nadhani hapo ndipo fedha yako inapokwenda. Mazungumzo juu ya saa za kucheza nawaachia ninyi wawili.

Muulize pia kama kompyuta inasafishwa vumbi. Kiangazi chetu kina vumbi laini linaloziba chujio za kasha kwa wiki chache, na kwa kuwa Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa yake ni nyepesi kidogo na feni hubeba joto kidogo kuliko zingebeba Dar es Salaam. Baridi yetu hufidia sehemu ya hasara hiyo. Vumbi halifidiwi na chochote.

*Kaka, kuna mtu Kariakoo ananiuzia RTX 3080 iliyotumika, yenye GB 10. Anakiri ilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali. Je, niiogope? Na itafikaje salama kwa basi?*
Kijana wa Usa River

Kuchimba si dhambi kubwa kama inavyosemwa. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimba kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi sana ziliingia sokoni, na nyingi bado zinafanya kazi. Kinachochoka ni feni pamoja na vibandiko na krimu za kupitishia joto, hasa kwenye RTX 3080 ambayo kumbukumbu yake ya GDDR6X huwa ya moto. Vitu hivyo hubadilishwa. Muuzaji aliyekiri namwamini kuliko yule anayeapa kwamba kadi ilikuwa ya dada yake aliyeitumia Jumapili tu.

Mtume ndugu au rafiki aliye Dar es Salaam akaishuhudie ikifanya kazi. Afungue programu ya GPU-Z na kuangalia kama jina na kumbukumbu vinalingana, maana programu hiyo hutambua kadi nyingi bandia, zile zilizoandikwa upya ndani zijitangaze kuwa kitu kingine. Bandia za kale zina dalili hata bila kuwashwa: ukiona kadi inayoitwa GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA, ondoka, kwa kuwa familia hiyo haitoi picha ya analogia. Kisha aipe mzigo wa FurMark, programu ya kuitesa kadi, kwa dakika 15 huku akitazama joto na kusikiliza feni. Nawe upande wako hakikisha pawa saplai yako inastahili. RTX 3080 ni kadi ya wati 320, na zile kompyuta za ofisi za mtumba zenye pawa saplai ya wati 240 haziwezi hata kuanza nayo. Kwa GB 10, ihesabu kuwa kadi ya kioo cha 1,440, licha ya kwamba ilipotoka mwaka 2020 ilitangazwa kwa 4K.

Kuhusu basi, nina kovu. Niliwahi kutumiwa kompyuta nzima kutoka Dar es Salaam ikiwa na kadi nzito ndani yake, na ilifika ikiwa kadi imeng'oa soketi yake kwenye mazabodi. Kadi isafiri peke yake, katika mfuko wa kuzuia umeme tuli, ndani ya boksi lenye sponji pande zote, nawe uipokee mwenyewe stendi.

*Nimenunua kioo cha 4K na kadi nzuri, lakini hata kishale cha mausi kinasuasua, na Windows inasema hezi 30. Kimeharibika?*
Msomaji, Kiboriloni, Moshi

Hakijaharibika. Tazama nyuma ya kompyuta yako: naamini kebo ya HDMI umeichomeka kwenye tundu la juu, lile la mazabodi, na si kwenye matundu ya kadi yaliyo chini yake. HDMI ya toleo la 1.4, ambayo ndiyo iliyo kwenye mazabodi nyingi za zamani, haivuki hezi 30 katika 4K. Toleo la 2.0 hufika 60, na la 2.1 hufika 120. Ukiiacha hapo, kadi uliyoinunua kwa jasho haitoi picha moja kwa moja kwenye kioo hicho. Ihamishie kebo kwenye kadi, ikiwezekana utumie ile ya DisplayPort iliyokuja na kioo, kisha uingie katika mipangilio ya Windows uchague hezi 60 au zaidi kwa mkono wako, kwa kuwa mara nyingi haijichagulii.

Na kama kioo chenyewe ni cha OLED, acha tabia yetu ya kuzima swichi ya ukutani kila baada ya kucheza. Vioo hivyo hujisafisha vikiwa vimelala, na kazi hiyo inahitaji umeme. Ukivikatia kila usiku, alama za picha zisizosogea zitaanza kubaki. Zima kwa kitufe chake, ukiache kipumue dakika kumi, ndipo uzime ukutani.